Sahihi Zangu Kwenye Kadi ya Tajeu

Kila siku jioni, kabla Mama hajarudi kutoka shamba la maua, nilikuwa na kazi tatu. Kuchota maji kwenye bomba la ploti, kuinjika maharagwe, na kumsomesha ndugu yangu Tajeu. Hizo mbili za kwanza nilizifanya vizuri na hakuna aliyewahi kunilaumu. Ile ya tatu niliiharibu, na ndiyo nitakayowaeleza.

Naitwa Soipan. Tunaishi Kitengela, katika ploti ya vyumba kumi vinavyotazamana. Mwaka huo nilikuwa Gredi ya Sita na Tajeu alikuwa Gredi ya Pili. Mimi ni mtu wa haraka. Chai huniunguza ulimi kila asubuhi kwa sababu siwezi kuingoja ipoe, na darasani nilikuwa nikimaliza hesabu kabla mwalimu hajafuta ubao. Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kumngoja mwingine, unamtafutia makosa.

Tajeu hakujua kusoma. Msimdhanie mjinga. Kule kwa nyanya yetu, Koko, nje ya mji wa Kajiado, aliweza kufumba macho karibu na boma akakuambia ni mbuzi gani aliyelia, na asikosee. Lakini ukimwekea kitabu mbele alikikodolea macho tu, anasubiri umwambie kimesemaje.

Ijumaa moja mwezi wa pili, mwalimu wake, Mwalimu Selpha, alitukusanya sisi wenye ndugu katika madarasa ya chini. Alitueleza kwamba kabla mtoto hajasoma kwa macho, ni lazima masikio yake yajue kwamba neno lina vipande. Akatufundisha michezo. Unapiga makofi kwa kila kipande cha neno: ki-ko-mbe, makofi matatu. Unamwuliza mtoto neno linaanza na sauti gani. Unalivuta neno polepole, sauti moja moja, naye analiunganisha. Unaondoa kipande cha mwanzo na kumwuliza kimebaki nini.

"Herufi ni picha ya sauti," alituambia. "Mtoto ambaye hajaisikia sauti yenyewe, hiyo picha atajuaje ni ya nani?"

Kisha akatupa kadi, moja kwa kila mtoto, yenye visanduku vya siku zote za muhula. Kila jioni tucheze dakika kumi, halafu ndugu mkubwa atie sahihi kwenye kisanduku cha siku hiyo.

Nilicheka moyoni. Makofi! Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani nikae kwenye ngazi kupiga makofi kama watoto wa chekechea? Jirani yetu Lorine, tuliyesoma naye, alianza jioni ile ile na mdogo wake Roy. Walikaa mlangoni pao, pa pa pa, Roy akikosea wanaanza tena, wakati mwingine wanacheka mpaka sufuria yao inaungua. Nilipopita na ndoo nilimwuliza Lorine kama anafungua kanisa. Akaendelea kupiga makofi.

Mimi nilijaribu siku mbili. Siku ya pili Tajeu aliniambia kwamba neno "mama" linaanza na sauti ya "mtoto wake." Nikaona huyu hafiki popote. Nikafungua kitabu chake cha kusoma, nikamsomea ukurasa wa kwanza, nikamwambia arudie. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Baada ya jioni nne aliujua wote kwa moyo: "Kuku wetu ametaga. Mama amefurahi. Mayai ni matatu. Tutakula jioni." Nilimfundisha pia kusogeza kidole chini ya maneno anaposema, na kusita kidogo katikati ili ionekane anafikiri.

Jumapili alimsomea Baba. Baba hufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na siku hiyo ndiyo ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshika Tajeu kichwani, kisha akanigeukia akaniambia nimemfanyia jambo kubwa. Nilifurahi sana. Tajeu hakufurahi. Usiku ule aliniambia kwamba hakuwa amesoma, alikuwa amesema tu. Nikamwambia anyamaze, kusoma kutakuja kwenyewe.

Tangu hapo sikuhangaika tena. Kadi niliijaza sahihi, wakati mwingine za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, nikibadilisha kalamu ili isijulikane.

Mwalimu Selpha hakudanganyika upesi. Mwezi wa tatu aliniita, kadi mkononi. Alisema masikio ya Tajeu bado hayajafunguka, ilhali kadi inaonyesha anafanya mazoezi kila siku. Aliniuliza kama kweli tunacheza ile michezo nyumbani. Nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu, kila siku," nikimtazama usoni. Akanipa barua ya kumwomba Baba au Mama afike shuleni. Barua ile niliitia jikoni, kwenye makaa, nikapika nayo ugali.

Likizo ya Aprili tulikwenda kwa Koko. Tulimwinamishia vichwa akatugusa kama kawaida, akatupa maziwa, akauliza habari za shule. Mama alishindwa kungoja. Akamwambia kwamba Tajeu sasa anasoma.

Koko hakusoma hata siku moja. Enzi zake mtoto wa kike alichunga ndama. Alimketisha Tajeu mbele yake, akaomba kimya, na Tajeu akafungua kitabu. Kuku wetu ametaga. Mama amefurahi. Alipomaliza, Koko alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Aliinuka, akaenda zizini, akarudi anamvuta mbuzi jike mchanga mwenye masikio meupe. Akamkabidhi Tajeu kamba.

Kwetu, mtu akikupa mbuzi namna hiyo, hamwitani tena kwa majina yenu. Yeye anakuita Pakine na wewe unamwita Pakine, maisha yenu yote. Ni jina la heshima, na linabeba kile kilichofanya upewe.

"Pakine," Koko akamwita.

Tajeu alinitazama mimi kwanza. Nilimkazia macho. "Pakine," akaitikia, kwa sauti ndogo sana. Jioni alinifuata nyuma ya nyumba analia, akitaka twende tukamwambie Koko ukweli na tumrudishie mbuzi wake. Nilimwambia akifanya hivyo atamvunja Koko moyo. Kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Likizo ya Agosti ilipofika, kazi zilikuwa zimewabana Mama na Baba, na mimi nilibaki Kitengela kwa masomo ya ziada. Ikaamuliwa Tajeu akakae na Koko. Koko alikuwa na presha kwa miaka mingi, tena magoti yalimsumbua. Dawa zake zilikuwa mbili. Ya presha alipaswa kuimeza kila siku asubuhi na jioni, bila kukosa. Ya magoti aliimeza siku akiumwa tu. Alizijua kwa rangi: ya presha nyeupe, ya magoti ya waridi.

Wiki ile ya kwanza dawa ziliisha. Koko alikwenda zahanati pamoja na jirani yake Kakuta, yule anayemsaidia kuchunga. Kakuta ndiye aliyetusimulia baadaye. Muuguzi aliwapa dawa za kampuni nyingine, na rangi zilikuwa zimegeuka: ya presha sasa ndiyo ya waridi, ya magoti ndiyo nyeupe. Aliandika kwa Kiswahili juu ya kila bahasha, herufi kubwa, akataka kumweleza Koko mabadiliko hayo. Koko alimkatiza akicheka.

"Usijali, mwanangu," alimwambia. "Niko na msomaji nyumbani."

Basi kila asubuhi msomaji akaletewa bahasha mbili. Tajeu alizitazama zile herufi, zikamtazama. Akafungua bahasha, akaona rangi, akakumbuka: nyeupe kila siku, ya waridi siku ya maumivu. Akampa Koko nyeupe. Siku kumi na moja, asubuhi na jioni, alimpa dawa ya magoti, na ile ya presha ikabaki kwenye bahasha.

Siku ya kumi na mbili Kakuta alifika kutoa mbuzi akamkuta Koko ameanguka kando ya jiko. Tajeu alikuwa amemshika mkono, akimwita "Koko, Koko." Hakumwita Pakine.

Tulifika hospitali ya Kajiado saa nane mchana. Koko alikuwa amelala, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia hausogei. Alitutambua. Alijaribu kusema, ikatoka sauti isiyo neno, akajaribu tena, kisha akageuzia uso ukutani. Mimi sikuwa nimewahi kuona mtu akiona aibu kwa kuugua. Niliiona siku ile.

Muuguzi wa wodi aliomba kuona dawa alizokuwa akimeza Koko. Kakuta alikuwa amezibeba. Muuguzi alifungua bahasha ya presha akahesabu, akafungua ya magoti akakuta imebaki moja. Aliuliza taratibu ni nani aliyekuwa akimpa. Tajeu akasogea mbele.

"Na ulisoma maandishi haya?"

"Huyu anasoma vizuri," Baba akamjibu kwa niaba yake. "Msomee, Tajeu. Usiogope."

Muuguzi akampa bahasha. Tajeu aliishika kwa mikono miwili. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama nilivyomfundisha. Akasita kidogo, kama nilivyomfundisha. Kisha akasema, "Kuku wetu ametaga. Mama amefurahi. Mayai ni matatu."

Hakuna aliyecheka. Kidole chake kilifika mwisho wa bahasha na bado maneno yalikuwa yanamtoka, "Tutakula jioni," machozi yakidondoka juu ya karatasi. Mama aliweka mkono mdomoni. Baba alinigeukia, na nadhani kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kujua.

Nikasema yote. Makofi niliyoyadharau, ukurasa wa kukariri, sahihi, kalamu nilizobadilisha, uongo niliomwambia Mwalimu Selpha, barua niliyoichoma. Nilitaka Baba anipige. Hakunipiga. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi mpaka jua likaanza kushuka.

Daktari alitueleza kwamba Koko amepata kiharusi. Alisema hakuna awezaye kuapa kwamba kisingempata hata kama angemeza dawa zote, maana presha yake ilikuwa ya miaka mingi, lakini kuzikosa siku kumi na moja kulimweka hatarini zaidi. Baba aliposikia hivyo alimpakata Tajeu. Alimwambia mbele yetu sote kwamba mtoto wa miaka minane hapewi kazi ya kumpimia mtu dawa, na kwamba kosa hilo ni lake yeye na Mama. Kwa muda wa wiki mbili Tajeu hakusema na mtu.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda kwa Mwalimu Selpha kabla ya kengele, nikamweleza. Nilitarajia kelele. Aliivua miwani akaifuta, na nikaona macho yake yamelowa. Aliniambia yeye pia alipaswa kumpigia Baba simu badala ya kutuma barua. Kisha akatoa kadi mpya.

"Safari hii usinionyeshe sahihi," alisema. "Nionyeshe mtoto."

Jioni hiyo nilikwenda kwenye ngazi ya Lorine. Nilimwomba radhi kwa yale ya kanisa. Alisogea, tukakaa sote wanne. Pa pa pa. Tajeu hakupenda mwanzoni, aliogopa kila kitu chenye harufu ya kusoma. Nikakumbuka mbuzi. Nikamwuliza, ukifumba macho unamjuaje aliyelia? Akasema kila mmoja ana mwanzo wake wa kulia. Nikamwambia basi maneno nayo ni hivyo hivyo, fumba macho. Nikalivuta neno, sss-aaa-ba-ba, hapana, nikacheka nimekosea mwenyewe, nikaanza tena: sss-aaa, sss-aaa. Akasema, "Saa. Inaanza na sss." Ilikuwa mara ya kwanza apate bila kubahatisha.

Kulikuwa na siku nilizotaka kurusha kadi ukutani. Wiki ya tatu Tajeu alisahau yote ya wiki ya pili. Siku ambazo hatukufanya, nilikiacha kisanduku wazi, na Mwalimu Selpha aliviona visanduku wazi asinigombeze. Mwezi wa kumi alianza kutupa herufi, chache chache. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa tumesimama kando ya barabara tukingoja mkokoteni wa punda upite, umejaa mitungi, na ubavuni pake pamepakwa maandishi ya rangi ya buluu. Tajeu alisogeza midomo. "Mmm-a. Ma. Ji. Maji." Akanivuta sketi. "Dada, pameandikwa maji."

Nilimwambia ndiyo, pameandikwa maji. Nikageuza uso ili asinione.

Desemba tulikwenda kwa Koko. Alikuwa ametolewa hospitali, anakaa kwenye kiti chake mlangoni, mkono wa kulia mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hakuweza kusema. Mbuzi wake, aliokuwa akiwaita mmoja mmoja jioni wakaja, sasa waliitwa na Kakuta. Koko aliwatazama tu wakipita. Yule mwenye masikio meupe alikuwa amezaa, na Tajeu alipomwona aliinamisha kichwa akaenda upande mwingine.

Dawa sasa ni Mama aliyezishika. Lakini asubuhi ya kwanza Tajeu aliomba zile bahasha. Akaketi chini miguuni pa Koko, akaisoma ya kwanza kwa sauti, polepole, akijikwaa na kurudi nyuma. "A-su-bu-hi. Asubuhi na jioni. Kila siku." Ilimchukua muda mrefu. Kisha akamwambia Koko kwamba siku ile ya mbuzi hakusoma, alisema tu, na kwamba mbuzi si wake.

Midomo ya Koko ikaanza kuhangaika, ikitafuta. Ikatoka ile sauti isiyo neno. Akafunga macho kwa uchungu.

Ndipo Tajeu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alichukua mkono wa Koko wa kushoto, ule mzima, akaufungua kiganja, akapiga kofi juu yake. "Tuanze na kipande kimoja tu, Koko," alisema. "Pa." Akangoja. Akapiga tena. "Pa."

Walifanya hivyo asubuhi na jioni, kama dawa. Siku ya tano Koko alisema "pa," ikasikika wazi, na Mama akaangusha kikombe. Siku ya tisa wakapata "ki." Tajeu hakumharakisha hata mara moja. Mkesha wa mwaka mpya, mbuzi wakirudi na vumbi lao, Koko aliinua mkono wa kushoto mwenyewe, akampiga Tajeu kofi kiganjani mara tatu.

"Pa. Ki. Ne."

Tajeu akalaza kichwa mapajani pake, na mkono wa Koko ukatua juu ya nywele zake. Baba alikuwa amesimama kando yangu. Alinishika bega.

"Unaona, Soipan?" aliniambia. "Alianza na kipande kimoja, akakingoja. Wewe ulitaka afike mwisho upesi ili sisi tukusifu. Ukipewa kazi, ifanye yote, hata ikionekana ya kitoto. Na kama hukuifanya, sema hukuifanya. Ungetuambia mwezi wa tatu, tungekasirika jioni moja, tukalala, ikaisha."

Nilisema ndiyo, Baba.

Koko hajarudi kuwa alivyokuwa, na daktari amesema hatarudi. Mkono haujapona, na mbuzi bado wanaitwa na Kakuta. Hadi sasa ana maneno kumi na moja, Tajeu ameyaandika yote kwa mkono wake nyuma ya ile kadi mpya, na la kwanza ni Pakine. Jina langu halimo bado. Lina vipande vitatu, na kile cha mwanzo kinamshinda. Kila likizo huwa naketi kwenye kigoda karibu na kiti chake, nikampa kiganja changu, nikangoja. Sina haraka.